Toa Ugoro Mdomoni
Kijitabu cha kaya za Nakwa kuhusu saratani ya kinywa

UGORO
Tunaanza na huu kwa sababu ndio unaotusumbua kuliko yote. Tumbaku iliyosagwa na magadi hubanwa chini ya mdomo, palepale, kila siku, miaka na miaka. Pale unapoubana ndipo kidonda huanzia. Usidanganyike kwamba hauna moshi. Sumu imo kwenye tumbaku yenyewe. Usiuweke kwenye jino linalouma. Usimtume mtoto kuununua. Mama mjamzito asiuguse kabisa. Toa ugoro mdomoni.

"NI YA UKOO WETU"
Kuna ukweli, ila nusu. Aliyezaliwa na mzazi aliyeugua saratani ya kinywa ana hatari kubwa kidogo kuliko jirani yake. Lakini mtoto harithi damu tu, hurithi na mazoea: babu alibana, baba akabana, mjukuu naye anabana, kisha ugonjwa ukiingia inalaumiwa damu, au anatafutwa mchawi. Damu huwezi kuibadilisha; mazoea unaweza. Kama kwenu kuna aliyeugua, wewe ndiye wa kwanza kutoa ugoro mdomoni. Na usinitajie yule mzee aliyebana hadi uzeeni bila kuugua. Huenda mwili wake uliuhimili; wako hujui.

Mwenye ualbino amerithi ngozi isiyostahimili jua, na mdomo wa chini huungua upesi, hata kupata saratani. Avae kofia pana, shamba alime alfajiri.

GONGO NA SIGARA
Kila kimoja kina madhara yake. Pombe na tumbaku vikikutana kwa mtu mmoja, hatari huzidishana.

MENO YA KAHAWIA
Hayo kwa kawaida ni ya floraidi kwenye maji, si saratani.

TAZAMA KINYWA
Kila mwezi, kwa kioo, mlangoni penye mwanga. Inua ulimi, vuta midomo. Kidonda kisichopona wiki mbili, doa jeupe lisilofutika, doa jekundu, uvimbe shingoni, jino kulegea bila sababu, kumeza kwa shida: nenda zahanati. Mwanzoni mara nyingi hakuna maumivu. Usingoje maumivu.

UKIENDA
Kutoka zahanati utapelekwa hospitali, na ikibidi KCMC Moshi au Ocean Road, Dar es Salaam. Wakitaka kukata kipande kidogo cha nyama wakipime, kubali. Kipimo hicho hakisambazi ugonjwa. Usitangulize dawa za kupaka za mtaani. Ukiulizwa kuhusu ugoro, sema kweli, hata kama mama mkwe amekaa pembeni.