Somo la Usalama Barabarani: Kubadilisha Mpira wa Sivi Jointi Nyumbani



Si mara moja wala mbili, katika doria zetu za usiku, tumekuta gari dogo lililopakia samaki wa Kasensero limesimama katikati ya barabara, injini ikinguruma na gia ikiwa imeingizwa, lakini gari halisogei. Dereva hudhani giaboksi imekufa. Tukimulika tochi chini, twaona shafti imeachana na kiungo chake, na grisi nyeusi imetapakaa upande wa ndani wa gurudumu. Ubovu huo haukuanza usiku ule. Ulianza miezi mingi nyuma, kwa mpira mmoja uliochanika.

Magari yanayovutwa kwa magurudumu ya mbele hupokea nguvu kwa shafti mbili, na kila shafti ina kiungo cha nje na cha ndani. Kile cha nje, ambacho mafundi hukiita sivi jointi, kina gololi zinazokiwezesha kuzunguka hata usukani unapokatwa. Gololi hizo huishi ndani ya grisi, na grisi hutunzwa na mpira wenye mikunjo. Mpira ukipasuka, mzunguko wa gurudumu huitupa grisi nje, na vumbi jekundu la njia zetu za changarawe huingia kuisaga chuma.

Kuukagua ni kazi ya dakika chache. Kata usukani hadi mwisho, zima injini, kisha chungulia nyuma ya gurudumu. Fungua mikunjo ya mpira kwa vidole, kwani nyufa hujificha katika mabonde yake. Halafu endesha polepole uwanjani huku usukani umekatwa. Ukisikia tak-tak-tak, kiungo chenyewe kimekwisha kulika, na mpira mpya hautakiponya. Nunua kiungo kizima. Iwapo mpira umechanika lakini kiungo kiko kimya, umewahi.

Ununue mpira wenye grisi yake na klampu zake, na udai risiti. Tunalisema hili kama polisi: shafti kuukuu inayouzwa kwa bei ya kutupa na mtu asiye na duka yaweza kuwa imetoka katika gari la mwenzako lililoibwa. Ipo pia mipira iliyokatwa ubavuni, ambayo hugundishwa kwa gundi bila kufungua kitu. Hiyo yafaa kukufikisha nyumbani, si zaidi.

Sasa kazi yenyewe. Gari lisimame mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono ikiwa imevutwa na magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa magogo. Kabla ya kuliinua, chomoa spliti pini na ulegeze nati kubwa ya katikati ya habu, ambayo kwa magari mengi madogo ni ya milimita 30 au 32. Nati hii hulegezwa gurudumu likiwa chini. Kuipigania gari likiwa juu ya jeki ni kulitikisa likuangukie.

Hapa tunaomba tusikilizwe. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kubebea. Weka stendi za chuma chini ya sehemu imara za bodi, shusha gari likae juu yake, kisha lisukume kwa mikono uone kama linatikisika. Matofali yasitumiwe, kwa maana hupasuka bila kuonya. Asiwepo mtoto karibu, na usifanye kazi hii peke yako.

Ondoa gurudumu, kisha tenganisha bol jointi na amu ya chini. Rudisha nati ya habu hadi iwe sawa na ncha ya shafti, ili hesi zisiharibike, na ugonge kwa kutumia kipande cha mti. Ikishalegea, ondoa nati na uvute habu kando. Usiache bomba la breki likabeba uzito.

Wengi hukosea hatua inayofuata. Katika magari mengi madogo ya Toyota kiungo cha nje hakikusudiwi kung'olewa kwenye shafti, nao wanaokigonga kwa nyundo hukiharibu. Huna budi kuitoa shafti nzima (weka beseni chini, kwa kuwa mafuta ya giaboksi yatamwagika), kufungua kiungo cha ndani, na kutoa kile kipande cha miguu mitatu baada ya kukitia alama, ili kirudi vilevile kilivyokuwa. Mpira mpya wa nje hupitishwa kutokea upande huo. Viringisha utepe wa plastiki kwenye meno ya shafti kwanza, yasije yakaukata.

Safisha kiungo kwa mafuta ya taa, mbali na moto, na ukiache kikauke kabisa. Ukikuta mashimo au mikwaruzo katika njia za gololi, kiungo hicho hakifai tena. Jaza grisi nyeusi iliyokuja na mpira, nusu ndani ya kiungo na nusu ndani ya mpira. Ile ya manjano ya beringi haihimili msuguano huu. Kabla ya kukaza klampu ndogo, inua ukingo wa mpira kidogo kwa bisibisi butu ili hewa itoke. Waya wa kufungia si badala ya klampu.

Wakati wa kurudisha, nati ya habu hukazwa mwisho kabisa, gari likiwa limeshuka chini, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Tia spliti pini mpya, na uongeze mafuta ya giaboksi yaliyopotea. Endesha kilomita chache, kisha chungulia tena kama kuna grisi mpya.

Na ikiwa shafti imekukatikia njiani, usitegemee gia ya P katika gari la otomatiki: halishikiki, na litabingirika mteremkoni. Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, simamisha pembetatu ya kuakisi nyuma ya gari, na uwatoe abiria wote wakae mbali na lami hadi msaada ufike.