Programu ya kompyuta ao kaye?

Ndugu wanamemba, wengine wanasema programu ya kuhesabu mavuno itamaliza wizi. Wengine wanauliza, umeme uko wapi? Mimi naona tunabishana mapema. Kilo 100 za mpunga zikipita mashini zinatoa mchele kilo 60 hadi 65 hivi. Mwenye depo akiandika "kilo 100" tu, bila kusema mpunga ao mchele, programu italipa watu vibaya, tena haraka. Zone za afya za Congo zinatumia DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo, lakini muuguzi anajaza kwanza rejista ya karatasi. Basi tuanzie kaye: jina, tarehe, kilo, mpunga ao mchele, sahihi ya watu wawili. Msimu mzima kaye ikilingana na mifuko iliyo depo, ndipo muulize bei ya programu, na ya umeme wa jua pia.