Sambaza si kosa: somo nililolipata mezani Kigoma

Nilipofika Kigoma, Tanzania, kwa mara ya kwanza, niliingia katika kibanda cha mama lishe karibu na ziwa, nikaomba ugali na sambaza. Mama akaniuliza, “Nisambaze nini, mwanangu?” Waliokuwa wakila wakacheka. Nikamwonyesha sufuria. “Aa, dagaa!” akasema, akanipakulia.

Walikuwa wamepikwa kwa mawese, na hapo jina na harufu vilikuwa vya kwetu Bukavu. Ladha ya samaki ilikuwa nyingine. Sisi sambaza tunapenda kuwakaanga wakiwa wabichi. Hawa walikuwa wamekaushwa juani kwanza, wana ladha nzito zaidi, na vichwa vyao vina uchungu kidogo.

Usiku ule niliandika katika daftari: “Sambaza: kosa. Sahihi: dagaa.” Leo ninaufuta mstari huo, na sababu zangu ni mbili.

Kwanza, samaki mwenyewe. Katika Ziwa Tanganyika, jina dagaa hukusanya aina mbili za samaki wadogo: Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Limnothrissa alichukuliwa kutoka Tanganyika na kupandikizwa katika Ziwa Kivu. Huyo ndiye sambaza wetu. Samaki alihama, lakini jina dagaa halikumfuata.

Pili, neno lenyewe. Dagaa wa Ziwa Victoria ni Rastrineobola argentea, samaki wa jamii nyingine kabisa. Ndiyo maana Watanzania husema “dagaa wa Kigoma” au “dagaa wa Mwanza”. Neno dagaa hutaja udogo wa samaki kuliko aina yake. Sambaza, kwetu Kivu, hutaja samaki mmoja. Basi neno nililoliandika kuwa kosa ndilo lililo mahususi zaidi.

Sisemi kwamba tuandike sambaza katika Kiswahili sanifu bila maelezo. Msomaji wa Dodoma atauliza kama alivyouliza yule mama. Lakini neno lisiloeleweka mahali fulani linahitaji kuelezwa tu. Kesho yake nilirudi kibandani, nikaomba dagaa, kwa adabu ya mwanafunzi aliyesahihishwa. Mama akajibu, “Sambaza wako wamekwisha, mwanangu. Kuna migebuka.” Siku moja ilimtosha kulipokea neno langu, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kulitupa.

Wenzangu, wengi wetu tunakusanya msamiati wa vyakula kwa kazi za kuhitimu. Tusianze na safu mbili, “sahihi” na “kosa”. Tuulize kwanza: ni chakula gani hasa? Kimeandaliwaje? Nani anakiita hivyo, na wapi? Na pale inapowezekana, tukionje kabla ya kuandika.