Fundisho: Msafiri katika Gari la Moshi

Reli iliyofika Bukama mwaka 1918 yapita Luena, penye makaa ya mawe. Watu wa huko wajua tangu utoto kwamba liko gari la moshi la abiria, na liko la mizigo. Sheria za moja si sheria za jingine.

Swali: Tiketi ni nini?
Jibu: Tiketi ni ushuhuda wa mapatano. Msafiri atoa nauli. Mwenye reli aahidi kumfikisha salama.

Mwenye uwezo apandaye bila kulipa hutwaa bure jasho la dereva na la watengeneza njia. Hilo lahusu Amri ya Saba, hata kama behewa lilikuwa tupu wala hakuonekana na mtu.

Lakini kupanda treni ya mizigo ni jambo zito zaidi. Tarehe 10 Machi 2022, karibu na saa sita ya usiku, treni ya mizigo iliyotoka Luena kwenda Tenke ilianguka Buyofwe, upande wa Lubudi. Ilikuwa na mabehewa 15, na 12 kati yake hayakuwa na shehena; humo walikuwamo mamia ya watu. Ilishindwa na mlima, mabehewa yakatumbukia bondeni. Walikufa watu wapatao 75, na wengine 125 wakajeruhiwa. Kwa kuwa treni ya namna hiyo haina orodha ya abiria, jamaa za marehemu hawana daftari la kuuliza.

Tusiwahukumu upesi. Treni za abiria ni haba na barabara ni mbovu. Mwenye mgonjwa au mwenye gunia la mahindi angengoja hata lini? Hata hivyo katazo hili halikuwekwa kwa ajili ya fedha, bali kwa ajili ya uhai, na kwa hiyo lahusu Amri ya Tano. Behewa la mizigo halina kiti wala breki ya kuvutwa na abiria, na shehena ikisogea humponda aliyelala juu yake.

Swali: Je, ampaye mtumishi wa reli fedha kwa siri amelipa nauli?
Jibu: Hapana. Amelipa ili afumbiwe macho. Na mtumishi apokeaye ana kosa kubwa kuliko lake, maana yeye aijua hatari, naye amewekwa ili aizuie.

Sheria ya Kongo ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 258, yamlazimu kila amdhuruye mwenziwe kwa kosa lake kulipa hasara. Yamhusu mwenye reli. Yamhusu pia msafiri azibaye mlango kwa mizigo, au avutaye breki kwa mchezo.

Katika treni ya abiria, mtu asipande wala kushuka ikiwa yaenda, wala asikae juu ya paa. Tiketi isitupwe njiani, kwa maana mkaguzi aweza kuidai hata mlangoni mwa stesheni.