Ulemavu Usioonekana Kazini

Andiko: 1 Timotheo 5:23, Mathayo 4:24, Kutoka 4:10-16, Wafilipi 2:25-30

Somo la wiki hii linaanza na mstari ambao wengi wakiufungua huwa wanatafuta habari ya divai. Leo tuiache divai, tuangalie ni kwa nini ilitajwa. Timotheo alikuwa na shida ya tumbo, na Paulo anaongeza kwamba alikuwa anaugua mara kwa mara. Si homa ya wiki moja ikaisha. Na huyu ndiye aliyeachwa Efeso kusimamia mafundisho, kuweka wazee, kupanga mambo ya wajane na kusikiliza mashtaka. Tumbo halionekani. Mtu wa Efeso akikutana na Timotheo sokoni angemwona kijana mzima.

Sasa angalia Paulo anafanya nini. Kumbuka huyu ni yule yule ambaye leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, tena huko huko Efeso (Matendo 19:11-12). Kwa hivyo si mtu asiyeamini uponyaji. Lakini hapa hamlaumu Timotheo kwamba imani yake ni ndogo, na hamwondoi kazini. Anabadilisha kitu kimoja katika maisha yake ya kila siku, kisha barua inaendelea na mambo ya huduma.

Nimeleta somo hili kwa sababu wengi wetu hapa ni wasimamizi wa watu. Kuna mwenye duka, kuna mwalimu mkuu, kuna dada aliye na msaidizi wa nyumbani. Na kwa wale tunaowasimamia, wako wenye kifafa, selimundu ambayo wengi tunaiita siko seli, kisukari, mfadhaiko, sikio moja lisilosikia, maumivu ya mgongo yasiyoisha. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 260, haisemi ulemavu ni kiti cha magurudumu na fimbo nyeupe tu. Inataja pia hali za akili na za hisia, na magonjwa yanayomzuia mtu kwa muda mrefu kufanya shughuli za kawaida.

Shida kubwa ni kuaminiwa. Mtu mwenye mguu mmoja hakuna anayemwuliza kama anaigiza. Lakini mwenye siko seli Jumanne anabeba mizigo na kucheka na wenzake, Alhamisi hawezi kushuka kitandani kwa maumivu ya mifupa, na watu wanaanza kusema, "Si juzi alikuwa sawa?" Ndiyo, alikuwa sawa. Ugonjwa huo ndivyo ulivyo. Baridi, kukosa maji mwilini na kuchoka kupita kiasi vinaweza kuuamsha. Ukimweka awe mlinzi wa usiku getini mwezi wa Julai, umemwita huo uchungu. Mweke ndani, mruhusu sweta juu ya yunifomu, na asikatazwe kwenda na chupa ya maji mahali anapofanya kazi. Hiyo inagharimu pesa ngapi?

Kuhusu kifafa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo kanisa limeumiza watu. Fungua Mathayo 4:24. Katika orodha ya waliomjia Yesu, wenye pepo wametajwa peke yao na wenye kifafa wametajwa peke yao. Mathayo alijua tofauti. Sisi nasi tusimvamie kila anayeanguka tukikemea, huku kichwa chake kinagonga sakafu. Na mtu asimwambie mwenye kifafa atupe dawa ili aonyeshe imani. Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta mishtuko inayofuatana bila kukoma, na mtu anaweza kufa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zinazofaa. Tutaomba, tena kwa nguvu, na tembe zitamezwa saa yake.

Akianguka kazini, kwanza angalia saa. Sogeza meza na vitu vyenye makali, weka sweta chini ya kichwa, legeza kola, na mtikisiko ukipungua mlaze kwa ubavu. Usimkandamize. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Hawezi kumeza ulimi, lakini wewe unaweza kumvunja meno. Povu lake haliambukizi. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, ni hospitali. Akiamka atakuwa amechoka na ana aibu, pengine amejikojolea. Mfunike, tawanya watu, na simu zirudi mfukoni.

Kuna kifafa kingine ambacho mtu haanguki kabisa. Anakodoa macho sekunde chache, ukimwita hasikii, kisha anaendelea na kazi. Msimamizi anaandika kwenye ripoti kwamba huyu hana makini.

Kukosa usingizi ni moja ya mambo yanayoamsha kifafa. Kwa hivyo zamu ya usiku haimfai, na hata kesha letu la Ijumaa huenda lisimfai. Asipokuja kesha, kiongozi wa idara asimhesabu kuwa amepoa kiroho.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, wacha niwaambie wenye biashara kwa hesabu. Ukimpoteza mtu anayejua kazi, utatafuta mwingine, utamhoji, utamfundisha miezi, na utalipia makosa yake akijifunza. Kumtoa mtu zamu ya usiku umpeleke ya mchana ni kubadilisha jina kwenye karatasi iliyo ukutani. Musa aliposema ana ulimi mzito, Mungu hakutafuta mtu mwingine wa kwenda kwa Farao. Alimpa Haruni awe msemaji, na kazi ikabaki ya Musa.

Unaanzaje mazungumzo? Si kwa "Wewe unaugua nini?" Jina la ugonjwa si lazima ulijue. Mwite kando, si mbele ya wenzake, umwulize, "Ni nini hapa kazini kinakufanya uumie zaidi, na tubadilishe nini?" Mara nyingi yeye tayari anajua jibu, ni vile hakuna aliyewahi kuuliza. Akikuambia, inabaki kwako. Na hapa kanisa tujichunge, kwa sababu tuna njia yetu ya kusengenya inayovaa suti: "Wapendwa, tumwombee dada fulani, madaktari wamemwambia hivi na hivi." Kikundi cha simu kina watu mia mbili, na mmoja wao ni binamu ya bosi wake. Omba ruhusa kwanza kabla ya kuomba maombi.

Kwa wewe mfanyakazi unayejificha: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kukubagua kwa sababu ya ulemavu. Kifungu cha 30 kinakupa, ukishafanya kazi miezi 2 mfululizo, likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka, ukiwa na cheti cha daktari. Weka hizo karatasi za hospitali. Unaweza pia kujiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali. Ukishapata cheti cha msamaha wa kodi, shilingi 150,000 za kwanza za mapato yako kwa mwezi hazikatwi kodi ya mapato. Hakuna anayekulazimisha kutangaza hali yako kwa kila mtu. Lakini mtafute angalau mmoja mnayefanya kazi pamoja, ajue la kufanya siku utakapozidiwa.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii, someni Wafilipi 2:25-30. Epafrodito aliugua karibu afe kwa ajili ya kazi, na Paulo anawaandikia waliomtuma vile wanapaswa kumpokea. Jadilini: mtu akirudi kazini kwenu baada ya wiki 2 za hospitali, huwa anapokelewa aje? Nani amechukua nafasi yake, na anapewa kazi gani siku ya kwanza? Wenye biashara waje na ratiba zao za zamu.