Unga wa Kijani Kwenye Mahindi

Msomaji, ule unga wa rangi ya kijani na manjano unaoshika punje za mahindi yaliyovunda si uchafu wa kupangusa. Ni spora, yaani mbegu za kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Mwaka 2004 sumu yake, aflatoksini, iliwaugusha watu 317 nchini Kenya na kuwaua 125, wengi wao wakazi wa Makueni na Kitui.

Kuvu hii huzaana bila kuhitaji dume wala jike. Spora moja ikitua kwenye punje yenye unyevu, huchipuza nyuzi nyembamba zinazopenya hadi ndani. Siku chache baadaye nyuzi hizo huinua vijiti visivyoonekana vyema kwa macho, kila kimoja na kichwa cha duara kilichojaa minyororo ya spora mpya. Upepo huzibeba, wadudu huzibeba, nawe ukikung'uta gunia unazipanda kwingine. Kila spora ni nakala ya mzazi wake: mzazi akiwa na sumu, watoto nao wanayo. Wakati wa ukame kuvu hujifunga kuwa vidonge vigumu na kungoja udongoni. Mahindi ya 2004 yalipochunguzwa, ukoo uliokutwa zaidi ni ule wa vidonge vidogo, hodari mno wa kutengeneza sumu.

Mwaka huo mvua ilinyesha wakati wa mavuno, na wengi waliweka mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani.

Usidanganyike kwamba moto utakuokoa. Isyo ichemke usiku kucha, kuvu itakufa lakini sumu itabaki. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi huipunguza tu. Ng'ombe naye akilishwa mahindi hayo, sumu huingia kwenye maziwa. Ukiona mtu ana macho ya manjano, anatapika na tumbo limevimba, mpeleke hospitali mara moja.

Anika mahindi juu ya turubai, si chini, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikigandama chupani, rudisha mahindi juani.

Siku hizi kuna pia Aflasafe KE01: mtama uliopakwa spora za koo za kuvu hiyo hiyo zisizo na sumu, ambazo huzaana na kuwanyima nafasi ndugu zao wabaya. Hunyunyizwa shambani wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kuchanua, udongo ukiwa na unyevu.