Siku ya Mbio za Baiskeli: Maswali Kuhusu Kuegesha Magari

Mbio za baiskeli zikiingia mjini, barabara kadhaa hufungwa na watu huja kwa wingi, wengine kutoka mbali. Malalamiko yanayobaki baadaye mara nyingi hayahusu mbio zenyewe. Yanahusu gari lililoziba lango la kiwanja, moto zilizojaa kwenye kona, na kamioneti iliyoachwa karibu na reli huku mwenyewe akishangilia kwenye mstari wa kumalizia. Maelezo haya ni kwa wakazi wa Kamina na kwa wageni wanaokuja kutazama.

Nani ana uwezo wa kufunga barabara?

Si mwandaaji wa mbio. Ibara ya 26 ya Katiba ya 18 Februari 2006 inamtaka anayeandaa tukio katika njia za umma aiarifu kwa maandishi mamlaka ya utawala inayohusika. Uamuzi wa kufunga njia ni wa mamlaka hiyo, na polisi ndio wanaousimamia. Kijana aliyevaa fulana ya mashindano anaweza kukuelekeza, na ni vizuri kumsikiliza, lakini hana uwezo wa kukuandikia kosa wala wa kukutoza pesa.

Barabara itafungwa kwa muda gani?

Inategemea aina ya mbio. Kama ni mbio za hatua, yaani waendeshaji wanatoka mji mmoja kwenda mwingine, msafara hupita mara moja na njia hufunguliwa baada ya gari la mwisho. Kama ni mbio za mzunguko, waendeshaji hurudi mahali pale pale mara nyingi, na njia inaweza kufungwa siku nzima.

Mfano mkubwa wa karibu ni Kigali, ambako mashindano ya ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025. Siku ya mwisho wanaume walishindana kilomita 267.5, sehemu kubwa ikiwa ni kuzunguka na kuzunguka katikati ya mji, na mshindi, Tadej Pogačar wa Slovenia, alitumia zaidi ya saa sita. Ili kupunguza magari, shule za Kigali zilifungwa wiki hiyo, na watumishi wa serikali wasio wa huduma za lazima wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. Hakuna anayetarajia Kamina ifunge shule kwa ajili ya mbio za siku moja. Lakini muulize mwandaaji mapema: ni hatua au ni mzunguko? Jibu lake litakuonyesha kama unaweza kusubiri kidogo nyumbani au inafaa utoe gari lako usiku wa kuamkia mbio.

Sheria inakataza kuegesha wapi?

Sheria ya barabara ya nchi yetu ni namba 78-022 ya 30 Agosti 1978, na nchi yetu pia ni mwanachama wa Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani. Mkataba huo unakataza kusimamisha gari juu ya kivuko cha waenda kwa miguu, juu ya reli au karibu nayo kiasi cha kuzuia treni, na kwenye kona au kilele cha mlima ambako anayekuja hakuoni. Unakataza pia kuegesha mbele ya lango linalopitisha magari, karibu na njia panda, na mahali ambapo gari lako linamfungia mwenzako aliyeegesha vizuri. Siku ya mbio haifuti lolote kati ya hayo. Huongeza tu sehemu nyingine zilizokatazwa kwa muda.

Moto pia inahesabiwa?

Ndiyo. Moto kumi zikisimama kwenye njia panda zinaziba njia kuliko gari moja, na mara nyingi madereva wake wamekaa juu yake wakisubiri abiria, hivyo hawaoni kwamba wameegesha.

Kwa nini mnasisitiza sana ukingo wa barabara?

Kwa sababu Kamina ni mji wa baiskeli hata pasipo mbio. Kila asubuhi kuna watu wanaosukuma kinga zilizobeba makala, muhogo na mahindi, na mzigo huwa mpana kuliko mwenye kuusukuma. Mtu huyo hupita pembeni, kwa sababu hapo ndipo penye usalama wake. Gari likiegeshwa pembeni, analazimika kuingia katikati ya njia, mahali malori yanapopita, na mzigo wake haumruhusu kukimbia wala kugeuka haraka. Inashangaza, lakini siku ya kusherehekea baiskeli inaweza kuwa siku ya hatari zaidi kwa yule anayeishi kwa baiskeli.

Hatari nyingine ni mlango wa gari. Mkataba wa Vienna unakataza kufungua mlango wa gari kabla ya kuhakikisha kwamba hautamdhuru mtu. Aliyekaa upande wa njia atazame nyuma kwanza, na watoto washukie upande wa pili.

Gari langu ni dogo na nitalitoa haraka. Kuna ubaya gani nikilisogeza kwenye njia ya mbio kabla hawajafika?

Kundi la waendeshaji likienda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, na walio nyuma hawaoni mbele ila migongo ya wenzao. Mbele yao kuna pikipiki za polisi na magari ya waandaaji. Nyuma kuna magari ya timu na ya wauguzi. Hata wazoefu hukosea: tarehe 29 Juni 2013, katika hatua ya kwanza ya Tour de France mjini Bastia, basi la timu moja lilikwama chini ya tao la kumalizia wakati waendeshaji wakikaribia. Waandaaji walihamisha mstari wa kumalizia, kisha wakaurudisha, na katika mkanganyiko huo wengi wakaanguka. Basi hilo lilikuwa na ruhusa ya kupita pale. Lako halina.

Nimeamka, gari la mgeni limeziba lango langu. Nifanye nini?

Kwanza tafuta mwenyewe, kwa sababu mara nyingi yuko karibu. Andika namba ya gari, piga picha inayoonyesha gari na lango pamoja, kisha uulize majirani na wasimamizi wa mbio kama wanaweza kumtangaza kwa kipaza sauti. Ombi la upole hutimizwa haraka kuliko kelele, na wageni wengi huona aibu wakiitwa.

Asipopatikana, mwite mkuu wa kartye au askari wa polisi wa barabarani, ile PCR ambayo wengi tunaiita roulage. Askari anaweza kuandika PV, yaani hati rasmi inayoeleza kosa, mahali na saa. Hati hiyo ni muhimu ikiwa umepata hasara. Kanuni ya madai, kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu, inasema kwamba anayemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Mfanyabiashara aliyeshindwa kutoa mali yake kwa sababu lango lilizibwa ana haki ya kudai, mradi ana ushahidi.

Kifungu hicho hicho kinakuhusu na wewe. Ukitoa upepo kwenye matairi, ukivunja kioo au ukilisukuma gari likaangukia mtaroni, mdaiwa sasa ni wewe, na kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai. Tunajua hasira inavyokuwa mtu akichelewa kazini au mazishini. Hata hivyo, usiliguse gari hilo.

Kuna mgonjwa nyumbani, au mama anakaribia kujifungua. Je, nisubiri mbio ziishe?

Hapana. Nenda kwa askari au msimamizi aliye karibu na useme wazi kwamba ni dharura ya matibabu. Yeye huwasiliana na msafara na kukuonyesha pa kuvukia. Usikate njia mwenyewe kwa kasi, kwa kuwa unaweza kupeleka wagonjwa wawili hospitali badala ya mmoja. Kama unajua siku zinakaribia, mwambie mkuu wa kartye mapema, na ikiwezekana mgonjwa alale upande wa mji uliko hospitali mnayoitegemea. Wageni nao wajue kwamba lango la hospitali au la kituo cha afya si mahali pa kuegesha hata kwa dakika tano, hata kama dereva amebaki ndani ya gari.

Na mtu mwenye ulemavu?

Ibara ya 49 ya Katiba inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya ulinzi unaolingana na mahitaji yao. Hivyo wanaweza kuomba kushushwa karibu na mahali pa kutazamia. Mwandaaji mwenye busara hutenga nafasi hiyo bila kungoja kuombwa.

Treni ni chache. Kwa nini nisiegeshe karibu na reli?

Kamina ni makutano ya reli: njia ya kutoka Lubumbashi hugawanyika hapa, moja ikielekea Kananga na Ilebo, nyingine Kabalo na kuendelea. Uchache wa treni ndio unaowadanganya watu, kwa sababu wanazoea kuona reli tupu. Treni haina usukani wa kukukwepa, na ikiwa na mzigo huhitaji mamia ya mita ili isimame. Acha nafasi kubwa pande zote mbili za kivuko, na usitumie tuta la reli kama jukwaa la kutazamia.

Nimesikia kwamba gari lenye namba ya mkoa mwingine haliwezi kuandikiwa kosa. Ni kweli?

Si kweli, ingawa ni rahisi kuona kwa nini watu wanaamini hivyo: mgeni huondoka jioni na hawamwoni tena. Sheria ya barabara ni ya taifa zima, na PV huandikwa mahali kosa lilipotendeka.

Wengine husema kwamba siku ya mbio polisi wanaweza kuchukua gari lolote bila maelezo. Hilo nalo si sahihi. Gari linaweza kuondolewa likizuia njia iliyofungwa au likihatarisha watu, lakini mwenyewe ana haki ya kuambiwa kosa ni lipi, gari limepelekwa wapi na ni ofisi gani inayoshughulikia.

Askari akinitaka nilipe faini pale pale, mkononi?

Faini ni mali ya hazina ya serikali, si ya askari. Utaratibu ni kuandikiwa PV, kupewa hati ya malipo, ile inayoitwa note de perception, kisha kulipa benki au ofisi iliyotajwa na kubaki na risiti. Ukiona hukukosa, unaweza kukataa kulipa kwa maelewano, na jambo hilo likapelekwa parke, yaani kwa mwendesha mashtaka. Sema hivyo kwa utulivu, uliza jina na kituo chake, na usimpe hati zako za asili bila kuandikiwa kwamba zimechukuliwa.

Tuongeze neno moja kwa upande wa pili: dereva anayetoa pesa mfukoni kabla hata hajaulizwa anawaharibia wanaokuja nyuma yake.

Je, naweza kuwatoza wageni wanaoegesha mbele ya nyumba yangu?

Barabara na ukingo wake ni mali ya umma, hata kama wewe ndiye unayeifagia kila asubuhi. Huwezi kutoza hapo, wala kuweka mawe na matairi ili kuwazuia wengine. Pale ambapo ada ya maegesho imewekwa kisheria, hukusanywa na mtumishi mwenye kitambulisho, naye hutoa risiti. Ndani ya kiwanja chako ni jambo jingine: unaweza kupokea magari kwa bei mliyokubaliana. Taja bei kabla gari halijaingia, sema kama unalilinda au hulilindi, na acha njia ya kutokea ili aliyeingia wa kwanza asifungiwe hadi usiku.

Basi mgeni aegeshe wapi?

Mbali, kisha atembee. Kigali, watazamaji wengi walisimama tu kando ya njia, na hilo ndilo zuri la mbio za baiskeli: hazina tiketi wala uwanja, na anayetembea kilomita moja huona sawa na aliyefika na gari. Tumia uwanja wa shule au wa kanisa kwa ruhusa ya wenyewe, elekeza gari upande wa kutokea, na uache karatasi yenye namba yako ya simu nyuma ya kioo.

Kati ya Mei na Septemba usiegeshe juu ya majani makavu, kwa kuwa bomba la moshi hubaki na joto kali na linaweza kuwasha moto baada ya wewe kuondoka. Wakati wa mvua, angalia mtaro kabla ya kuweka gurudumu pembeni. Magari mengi yanayoziba njia jioni ni yale yaliyokwama kwenye matope.

Wakazi wenye viwanja vipana, shule na parokia zinazoweza kupokea magari wanaombwa kumjulisha mkuu wa kartye siku kadhaa kabla ya mbio, wakitaja idadi ya magari wanayoweza kuchukua na saa ya kufunga lango.